Siku Niliyomtaja Bibi Paskazia

Mkolani, Jumapili, saa kumi jioni

Kabula mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kumuaga mchungaji, na mkirudi mtapitia kwa fundi kuchukua zile gauni mbili. Najua mama yako akianza maongezi na fundi hamtafika hapa kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimejifungia kwenye chumba cha picha, nimesogeza makopo ya rangi, na ninaandika juu ya kipande cha plaiwudi nilichokiweka magotini.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya namna ya kuishi na mwalimu mkuu na walimu wenzako, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka umeanza kumkwepa. Mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu, na nimelichelewesha miaka thelathini na minane.

Unakumbuka siku uliyokuja na barua ya kupangiwa kituo cha kazi? Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. "Ukerewe! Hapa hapa tu, likizo ukitaka unarudi." Mimi niliuliza jina la kijiji, ukanitajia, nikatoka nje kuosha brashi. Ulinifuata ukaniuliza, "Baba, hujafurahi?" Nikakwambia rangi itakauka. Brashi zenyewe zilikuwa safi, Kabula. Nadhani uliona.

Kijiji hicho nakifahamu. Nimefika mara mbili. Kuna watu pale wanaolijua jina langu, na si kwa ajili ya picha.

Unajua kwamba nilikuwa na mdogo wangu, Masalu, na kwamba alikufa maji akiwa na miaka saba. Hilo bibi yako hakulificha. Unachokijua kinaishia hapo, kwa sababu mimi ndiye niliyekikatia hapo.

Tulikuwa tunakaa Kirumba, kwenye zile nyumba zilizobanana na mawe, ng'ambo kidogo ya mwalo wa mitumbwi. Baba yetu alishafariki. Mama, bibi yako, alikuwa anauza chai na mihogo kwa wavuvi, akitoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kumwangalia Masalu. Onyo lilikuwa moja pia: tusikanyage ziwani bila mtu mzima.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mjane wa Kikerewe, Bibi Paskazia. Wakati ule alikuwa na miaka kama hamsini, ana binti mmoja mkubwa. Alikuwa anabanika samaki. Uani kwake palikuwa na vichanja viwili na moshi kutwa, na moshi ule ulimfanya macho yake yawe mekundu siku zote. Watoto wote wa mtaa tulishinda pale. Hakutufukuza. Waya wa kutengenezea magari tuliupata kwake, kwenye matenga yaliyochakaa. Vizibo vya soda vya magurudumu, maboya ya nyavu, kamba, matambara ya kufungia mpira, vyote alituwekea kwenye debe moja karibu na mlango. Wasichana walichezea mdako wa vijiwe kivulini kwake, na kombolela, mchezo wa kujificha, tulianzia pale, kopo likiwa mbele ya mlango wake kabisa. Tulipopiga kelele sana alisema tu, "Nyie, mtaniangushia samaki," basi.

Watu wanaponiuliza nimeyajulia wapi hayo ninayoyachora, huwa nawajibu "utotoni." Jibu la kweli ni uani kwa Bibi Paskazia.

Siku ile tulipita kwake mchana. Alituita ndani, akatupatia ndala moja iliyokatika, kubwa, ya mwanaume. Ndala kama ile ilikuwa mali. Niliichonga kwa kisu cha bibi yako, nikatoboa katikati, nikasimika kijiti na tanga la nailoni. Nilitengeneza mashua nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na nilitaka kuiona ikielea. Kwenye beseni haikutosha. Nikamwambia Masalu twende kwenye mawe.

Tulipofika ziwani palikuwa hapana mtu. Niliiweka majini, upepo ukaishika, ikaenda vizuri sana, mpaka nikapiga makofi. Kisha ikapitiliza. Masalu alikuwa amevua shati, ameliweka juu ya jiwe, amebaki na kaptula yake ya kaki aliyoifunga kwa kamba ya katani.

Nikamwambia, "Kailete."

Akasema, "Kaka, pale ni kirefu."

"Kailete. Usipoileta hutacheza na mimi tena."

Akaingia. Maji yalimfika magotini, yakamfika kifuani, akanyoosha mkono, akaigusa. Mawe yale yana utelezi chini. Nikaona mkono wake, halafu sikuona kitu. Niliita jina lake kwa sauti ndogo. Kwa sauti ndogo, Kabula, kwa sababu niliogopa mtu asije akasikia kwamba tuko ziwani. Nilisimama pale nikiita hivyo mpaka maji yakatulia kabisa. Kisha nikachukua shati lake, nikalisukumia chini ya jiwe, nikaenda nyumbani. Nilinawa miguu ili mama asione tope.

Mpaka leo sijui kwa nini sikukimbia mwaloni kuita watu wazima. Kulikuwa na wanaume pale, si mbali, wanaojua kuogelea. Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote maishani mwangu. Jibu ninalopata ni kwamba nilikuwa naogopa fimbo. Mtoto anaweza kuogopa fimbo kiasi hicho.

Mama akarudi. Akauliza, "Mwenzio yuko wapi?"

"Nilimwacha kwa Bibi Paskazia."

"Anafanya nini huko mpaka saa hizi?"

"Alimwita ndani."

Sikulipanga neno hilo. Lilitoka kwa sababu mchana ule kweli alituita ndani, kutupatia ile ndala. Nilichukua kitu cha kweli nikakitumia kuficha kingine. Mama alikwenda kwa Bibi Paskazia, akarudi mbio. Bibi alisema tulipita mchana sote wawili, tukaondoka sote wawili. Watu wakaanza kukusanyika. Wakaniweka katikati ya ua ule ule, karibu na lile debe la vitu vya kuchezea, wakaniuliza tena, na safari hii waliouliza walikuwa wengi. Nikasema vile vile. Alimwita ndani.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Hebu mwangalieni huyu bibi macho yalivyo mekundu, kama ya mchawi."

Bibi Paskazia hakuwajibu wao. Aliinama mbele yangu, akanishika mabega, akasema, "Elia, baba yangu, sema. Mlikwenda wapi?"

Nilimtazama. Nilijua yeye ndiye mtu pekee pale ambaye angenitetea kama ningesema kweli. Nikanyamaza.

Walipekua nyumba yake. Walimwaga samaki. Vichanja vyote viwili viliwekwa moto. Na mama yangu, bibi yako uliyemjua kwa upole wake, alimshika Bibi Paskazia nywele akamburura mpaka barabarani. Niliyaona hayo nikiwa nimeshika mlango wa nyumba yetu.

Asubuhi wavuvi walimkuta Masalu kwenye matete. Nilifikiri sasa wataelewa. Wapi! Walisema Bibi Paskazia ndiye aliyemuua, akamtupa ziwani kuficha ushahidi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu mwema, lakini alichoweza kufanya ni kumwambia aondoke kabla hawajamuua na yeye. Aliondoka siku tuliyomzika Masalu, yeye na binti yake, na furushi moja la nguo. Walipita mbele yetu kwenda kupanda boti ya Ukerewe. Hakuniangalia. Binti yake ndiye aliyeniangalia.

Sasa uelewe vizuri jinsi nilivyokuwa mchoraji, maana umekuwa ukiwasimulia rafiki zako kwa fahari.

Nilijifunza kwa fundi mmoja wa Mirongo, wa kuandika mabango. Nilichora vichwa vya vinyozi na kuku wa kukaanga, nikaandika majina ya maduka. Siku moja kazi zilikuwa hakuna, nikachukua kipande cha plaiwudi nikachora gari la waya. Nililichora kama lilivyokuwa, na usukani wake mrefu na vizibo vya soda. Kabla halijakauka mama mmoja aliyekuwa anapita alisimama, akacheka peke yake, akaanza kutaja majina ya kaka zake. Akainunua picha ile. Nikachora mpira wa matambara. Nikachora wasichana wanacheza rede, mmoja amekunja sketi kuukwepa mpira. Wakaja wengine kutoka Dar na Arusha, na hata watu wa hoteli. Wanasimama mbele ya picha, uso unalegea, wanasema, "Dah, enzi zile!" Mimi nasimama pembeni nikisema asante. Wao wanauona utoto wao wote. Mimi naona mchana mmoja.

Kuna jambo la ajabu lililoanza kunitokea mapema, nami sikuwahi kulisema kwa mtu. Nikipanga watoto watano kwenye mchoro wa penseli, nikimaliza rangi nakuta wako sita. Wa sita sikumbuki kumchora. Yuko mbali kidogo na wenzake, amenipa mgongo, kaptula ya kaki, hana shati. Mwanzoni nilikuwa namfuta. Nikifuta, ile sehemu inabaki na doa ambalo rangi haikai vizuri, na kila ninapoitazama namwona zaidi kuliko alivyokuwepo. Nikaacha kufuta. Uliniuliza ukiwa darasa la kwanza, "Baba, huyu mbona yupo kwenye kila picha?" Nikakwambia ni kivuli. Ukasema, "Kivuli hakivai kaptula." Nikakutuma dukani chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Mashua za ndala nimezichora mara nyingi, watu wanazipenda. Zote zipo mchangani au mikononi mwa watoto. Sijaweza kuichora hata moja ikiwa majini.

Ulipokuwa darasa la tano nilipata kazi ya kuandika majina ya mitumbwi Ukerewe, kijiji hicho hicho unachokwenda. Siku ya tatu nikiwa nimechuchumaa na brashi, mwanamke mzee aliyekuwa anaanua dagaa alisimama nyuma yangu. Nilimsalimia bila kugeuka vizuri. "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Nikageuka.

Akasema, "Wewe ni mtoto mkubwa wa Mama Elia."

Macho yake hayakuwa mekundu tena. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, na kiliniumiza kuliko kama angenipiga. Hakuwa anabanika samaki tena; alikuwa anaanika dagaa juani.

Nilianza kusema pole. Nilisema pole nyingi, zote zikagongana. Aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Mlikwenda ziwani?"

"Ndiyo bibi."

"Ulimtuma wewe?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu akakikuta pale pale alipodhani kipo. Akasema, "Mimi pole yako sina pa kuiweka. Nenda kamwambie mama yako. Mama yako amelala miaka yote hii akijua mimi nilimuulia mtoto. Mwambie kabla hajafa, na mimi kabla sijafa."

Nikamwahidi. Akaokota beseni lake akaondoka. Nilimaliza mtumbwi ule, na jina lile nililiandika vibaya mpaka mwenyewe akanilalamikia.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta bibi yako anakuchambulia mchele, mnacheka. Nikajiambia, nitamwambia kesho. Miaka tisa, Kabula. Alihamia kwetu hapa Mkolani, alikula nasi, tulikwenda naye ibada kila Jumapili, na kila siku nilisema kesho. Sababu nilikuwa nazo nyingi na zote zilikuwa na adabu: ana presha, amechoka, ana furaha leo, kwa nini nimvuruge. Nilikuwa najidanganya kwamba namhurumia yeye. Ukikuta unamhurumia mtu kwa kumficha jambo, tulia ujiangalie kidogo ni nani hasa unayemhurumia. Mimi nilichelewa kuliona hilo.

Mwishowe ni yeye aliyenifikia. Alikuwa haingii humu chumbani, alisema harufu ya tapentaini inamuumiza kichwa. Siku hiyo aliingia kutafuta kiti. Akasimama mbele ya ile picha kubwa ya kombolela, akaangalia muda mrefu. Akasema, "Huyu ni Masalu. Mbona unamchora mgongo tu?"

Nikamwambia yote, nimesimama, brashi mkononi.

Hakulia. Alikaa kwenye kile kiti alichokuwa anakitafuta. Akauliza mambo madogo madogo. Shati liko wapi. Ilikuwa saa ngapi. "Alinililia mimi mama yake?" Nilipomwambia alisema "kaka, pale ni kirefu," alifumba macho. Kisha akaiangalia mikono yake, akaigeuza, akasema, "Nilimburura kwa mikono hii, ng'wanawane, mwanangu. Nywele zake zilibaki kwenye vidole. Nilizikuta wakati nakuogesha wewe."

Baadaye sana akasema, "Nipeleke kwake."

Nikasema, "Nitakupeleka, mama. Tusubiri mvua ziishe, ziwa litulie."

Hapa ndipo pagumu zaidi kwangu kuandika, kwa sababu hapa wewe ulikuwepo, ukiwa nyumbani likizo kutoka chuo. Utakumbuka jinsi bibi yako alivyoanza, kila asubuhi akiamka, kuuliza, "Meli ni lini?" Alikuwa anavaa kitenge chake kizuri anakaa kwenye ngazi. Wewe ulikuwa unamjibu kwa upole, "Bibi, meli ya wapi? Huna safari." Mama yako akasema uzee umeanza kumchanganya. Ulilia siku moja ukaniambia, "Baba, bibi anatupotea." Nami nikakushika bega nikasema, "Ndiyo hivyo, mwanangu, uzee."

Hakuwa amechanganyikiwa. Akili yake ilikuwa nzima kuliko yangu. Alikuwa anauliza meli ya kwenda kumwomba radhi Bibi Paskazia, na hakutaka kuwaeleza kwa sababu kueleza ni kunitaja mimi. Alinifichia mbele yenu. Mimi nikamwacha aonekane kichaa ndani ya nyumba yangu, wiki tano, kwa sababu nilikuwa naogopa kupanda meli. Mvua ziliisha. Nikasema tumalize oda ya hoteli kwanza. Kiharusi kikampata Jumanne, Ijumaa tukamzika.

Ulipokuwa unaimba na kwaya msibani, nilikuwa natafuta namna ya kukwambia kwamba bibi yako hakupotea. Sikuipata. Naomba kuanzia leo umkumbuke kama alivyokuwa.

Baada ya arobaini nilikwenda. Nilibeba picha, nikiwa nimeifunga kwa shuka: ua wa Bibi Paskazia kama ulivyokuwa, vichanja viwili, debe karibu na mlango, watoto wamejaa. Niliifanyia kazi miezi miwili na niliona ni picha yangu bora. Nilifikiri nitampa, na ataona kwamba kuna mtu anaukumbuka ua wake kwa uzuri.

Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Binti yake naye hayupo tena. Nilimkuta mjukuu wake, Editha, ana miaka kama thelathini, ana duka dogo la mahitaji na mtoto wa kike mgongoni. Nilipomwambia jina langu aliweka chini kibaba cha sukari.

Nilifungua ile picha nikaisimamisha kwenye benchi. Aliiangalia kwa haki, hakuharakisha. Kisha akaniambia, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyo:

"Baba, mimi sijawahi kucheza hii michezo. Bibi hakuturuhusu. Mtoto wa mtu hakutakiwa kukanyaga kwetu, na sisi hatukutakiwa kukanyaga kwa watu. Alikuwa anasema mtoto wa mwenzio akiumia hapa, tutachomewa. Akisikia watoto wanapiga kelele karibu na ua anatoka na fimbo anawafukuza, huku anatetemeka. Nilikuwa nawaangalia wenzangu wakicheza rede kupitia kwenye matundu ya ukuta. Sasa wewe unaniletea picha ya bibi amejaza watoto uani. Huyo bibi simjui."

Nikamwambia, "Ndivyo alivyokuwa kabla yangu."

Akasema, "Basi kaa nayo wewe uliyemjua."

Nilifunga picha nikarudi nayo. Ni ile iliyogeuzwa ukutani nyuma ya kabati. Ulishawahi kuniuliza kwa nini siiuzi.

Wiki hii, baada ya barua yako ya kazi, nilimtafuta Editha kwa simu. Nilimwambia binti yangu anakuja kufundisha shule ya kijijini kwenu. Akasema binti yake, yule aliyekuwa mgongoni, sasa yuko darasa la kwanza pale pale.

Akauliza, "Mwalimu anajua?"

Nikasema, "Hajui."

"Mwambie kabla hajapanda meli. Asipojua, nitamwambia mimi, na nitamwambia mbele za watu. Bibi yangu alisemwa mbele za watu."

Sikuona kosa katika neno lake hata moja.

Kwa hiyo mwanangu, kesho utakwenda mahali ambapo kuna mama mmoja anayeijua habari ya nyumba yetu kuliko ulivyoijua wewe mpaka jioni hii. Huenda mwanaye akawa darasani kwako. Sikuombi umwombe radhi kwa niaba yangu, hukukosa wewe. Wala usimpe mtoto yule daftari au upendeleo kwa sababu yangu. Atajiona wa ajabu mbele ya wenzake, na familia ile imeshaonekana ya ajabu vya kutosha. Mfundishe kusoma kama utakavyowafundisha wengine. Wakitoka mapumzikoni kucheza na yeye akabaki mlangoni, utajua ni kwa nini.

Na itakuja siku mtoto wako wa darasani amefanya jambo baya, ameshikwa na woga mpaka midomo imekauka. Tafadhali usimsimamishe mbele ya watu wazima umuulize. Mpeleke pembeni. Kaa chini, uwe mfupi kama yeye. Bibi Paskazia alijaribu kufanya hivyo, ila alizungukwa na watu hamsini wenye hasira. Wewe utakuwa na darasa na mlango wa kufunga.

Editha akikuuliza wewe ni wa nani, mwambie. Mwambie jina langu lote. Akitaka kukusema, mwache amalize. Ukiona huwezi kukaa pale, omba uhamisho, sitakuuliza sababu. Ukiona ni mimi ambaye huwezi kukaa naye, hilo nalo nitalielewa, ingawa sitajifanya kwamba halitaniuma.

Mama yako nilimwambia juzi, ulipokwenda kununua viatu. Ndiyo maana umemwona kimya humu nyumbani tangu siku hiyo, usidhani ni safari yako tu.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya mashuka, uikute ukishafika. Nimeikunja mara mbili kwa nia hiyo. Halafu nikajiona jinsi nilivyo: ningekuwa hapa Mkolani nakunywa chai wakati wewe unaisoma peke yako ng'ambo ya maji, huna wa kumuuliza. Hapana. Mkifika nitakupa mkononi, na nitakuomba uisome hapa hapa, jua bado lipo. Mimi nitakuwa uani, kwenye benchi alilokuwa anakalia bibi yako. Sitakuwa naosha brashi.

Nasikia geti. Nakuja.

Baba yako,
Elia